Mama Panya, Aliyezisubiri Seli Zichague Kazi

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake na mama, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi leo, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi kitindamimba wa marehemu, kuwasomea maisha ya mama yetu, na kabla sijaanza naomba niwatoe wasiwasi wale wanaonifahamu, kwa kuwaarifu kwamba kaka yangu mkubwa, daktari wa mifupa, aliyeketi safu ya mbele karibu na baba, ana nakala ya karatasi hizi kwenye mfuko wa koti, tayari kusimama na kuendelea pale nitakapokwama. Huo ndio muafaka uliofikiwa sebuleni juzi, baada ya shangazi yetu kuuliza mbele ya kikao kizima kama familia hii imeishiwa watu, hata historia ya wifi yake isomwe na mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kumaliza kitu alichokianza. Shangazi alikuwa na haki ya kuuliza, na yeye yupo hapa, nimemwona, amekaa pembeni ambako anaweza kunitazama vizuri. Lakini aliyeamua nisome ni marehemu mwenyewe, na katika nyumba yetu marehemu akishaamua jambo, mjadala huwa umekwisha.

Mama yetu alizaliwa Jumatatu ya tarehe 9 Juni 1952, katika chumba cha nyuma cha duka la mikate la baba yake, kwa sababu uchungu ulimkuta bibi akiwa kaunta anamhesabia mteja chenji, na hapakuwa na muda wa kufika kwingine. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne, na alipenda kusimulia kwamba sauti ya kwanza kuisikia duniani ilikuwa ya baba yake akimfokea kijana wa tanuri asifungue mlango kabla ya wakati, kwa sababu babu alikuwa mtu wa sauti kubwa, mtu wa kuanza kufoka kabla hajajua kosa ni la nani, na bibi alikuwa mtu wa kupita nyuma yake taratibu, akimgusa bega, akimwambia apunguze. Neno hilo mama alilirithi kwa bibi, akalitumia nyumbani, kazini na hata hospitalini, kwa redio, kwa chumvi, kwa hasira na kwa wageni waliozidisha sifa, na wanafunzi wake walimwita Mwalimu Punguza, ingawa yeye mwenyewe, kama mnavyokumbuka, alikuwa akianza kucheka anasikika mpaka barabarani.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akiwa na harufu ya mkate kwenye sare, jambo lililompatia marafiki wengi wenye njaa, akahitimu mwaka 1965, akachaguliwa kujiunga na shule ya bweni ya wasichana kuanzia Januari 1966 hadi Novemba 1971. Huko ndiko alikofanya kosa lake la kwanza la kisayansi, la kufuga panya wawili ndani ya sanduku la nguo akiamini kwamba wote ni dume, na baada ya likizo fupi bweni zima likapata habari kwamba hawakuwa dume wote. Mkuu wa shule aliandika kwenye ripoti yake kwamba binti ana akili ila hanyamazi, na babu akaisoma ripoti ile kwa sauti dukani mbele ya wateja, akiwa ameinua kifua, kana kwamba amesifiwa mara mbili. Aliingia chuo kikuu Septemba 1972, akahitimu shahada ya kwanza ya biolojia Oktoba 1975, na baadaye, akiwa tayari ni mke na mama wa watoto wawili, akasomea shahada ya uzamivu kuanzia mwaka 1983, akaipata tarehe 20 Februari 1987, siku ambayo dada yangu, aliyekuwa anakaribia miaka mitano, aliwaambia walimu wake kwamba mama amekuwa daktari ila hatibu watu, anatibu panya.

Tarehe 1 Machi 1976 mama aliajiriwa kama msaidizi wa maabara katika taasisi ya utafiti wa kinga ya mwili, chumba namba kumi na nne, ghorofa ya chini, kinachopakana na chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, chenye dirisha moja linalotazama mabomba ya mvuke, na chumba hicho hakukihama mpaka alipostaafu, licha ya kupandishwa vyeo vilivyomstahilisha vyumba vyenye mandhari na zulia. Nyuma ya chumba kile kulikuwa na nyumba ya panya, panya weupe na weusi ndani ya visanduku vyenye maranda, na kwa sababu hiyo mtaani kwetu aliitwa Mama Panya, na majirani waliosumbuliwa na panya wa jikoni walikuja kumwomba kwa heshima zote azungumze nao waondoke. Jirani yetu fundi cherehani, yule pale, aliwahi kutuletea mmoja akiwa hai ndani ya mtego, akitaka apimwe kama ana elimu.

Mwaka huo huo wa 1976, mwezi wa Agosti, jokofu kubwa la maabara liliharibika, akaitwa fundi, na fundi aliyekuja alikuwa baba yetu, kijana mwembamba mwenye bisibisi mfukoni na aibu nyingi, aliyeanza kazi kwa kusema kwamba lazima jokofu lizimwe, naye mama akasimama kati yake na soketi, akamwambia kwamba ndani mle mna kazi ya mwaka mzima ya watu saba, na kama anataka kuzima kitu azime kwanza wazo hilo. Baba alilitengeneza likiwa linawaka, akaungua vidole viwili, na katika wiki zilizofuata jokofu lile lile liliharibika tena, na tena, kwa namna ambayo mafundi wengine mpaka leo hawajaielewa, na kila mara baba ndiye aliyekuwa karibu. Baba hajawahi kulitolea maelezo suala hilo, na hata sasa naona anatazama chini. Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 17 Desemba 1977, wakaishi katika nyumba ya vyumba vitatu mwisho wa mtaa wa karakana, ambayo ndiyo hii mlimoweka viatu vyenu leo, na kwa miaka arobaini na sita hakuna chakula kilichowahi kuharibika ndani yake.

Katika ndoa yao walijaliwa watoto watatu, kaka mkubwa aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1978, dada aliyezaliwa tarehe 25 Aprili 1982, ambaye ni mhasibu, na mimi niliyezaliwa tarehe 11 Julai 1989, wakati mama alipokuwa ameshafunga hesabu ya uzazi na kugawa nguo zote za watoto kwa majirani, hivyo nililetwa nyumbani nikiwa nimefungwa ndani ya koti la maabara. Hapa ndipo ilipo sehemu ya historia hii ambayo mama alinitaka niieleze bila kuipunguza, kwa sababu alisema watu watasema alikuwa msomi mkubwa, ila hakuna atakayesema alikuwa akisoma nini, na yeye hapendi kuzikwa kama fumbo.

Ndani ya damu yetu kuna seli zinazoitwa seli saidizi, hizi ambazo wengi mnazijua kwa kile kipimo cha CD4, na kazi yake si kupigana zenyewe bali kuwaelekeza wengine, huyu atengeneze kingamwili, yule aue kijidudu, wale watulie maana vita vimekwisha. Seli hiyo ikiwa bado changa haina kazi maalumu. Inazunguka tu mwilini, mpaka siku inapokutana na adui na kuamshwa, na hapo sasa inabidi ichague, kwa kuwa yapo matawi kadhaa, liko la wapiganaji wanaohimiza vita dhidi ya vijidudu vinavyojificha ndani ya seli, liko la wanaoshughulikia minyoo, ambao wakikosea ndio wanaotuletea mzio na mafua yasiyoisha, na liko la watulizaji, ambao bila wao mwili ungejipiga wenyewe. Seli ikichagua vibaya, mtu anaumwa. Mama alitumia maisha yake kuuliza swali moja, ni nani anayeisemesha seli changa pale inapotaka kuchagua, na kuanzia mwaka 2003 jibu alilolifuata lilikuwa ni vijiuzi vidogo mno vinavyoitwa maikro-RNA.

Alivyotueleza mezani, akiwa ameshika kijiko, ni kwamba jeni ni kama bosi aliyejifungia ofisini, hutuma ujumbe nje ili mafundi wajenge protini, na vijiuzi hivi havijengi kitu chochote, kazi yake ni kuudaka ujumbe njiani na kuuambia, ngoja kwanza. Havizimi, alisema, vinapunguza, na hapo alitutazama mmoja mmoja kuona kama tumeelewa tofauti. Dada aliwahi kuuliza mtu anawezaje kulipwa mshahara kwa kusoma kitu ambacho kazi yake ni kuchelewesha wengine, na mama akacheka mpaka akaweka kijiko chini, akasema kwamba hata yeye alikuwa akishangaa kila mwisho wa mwezi.

Alikuwa na panya waliokosa kijiuzi kimoja kati ya hivyo, na panya wa kawaida, akachukua seli changa za makundi yote mawili, akaziweka kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, ambavyo kabla ya hapo alikuwa akivipaka dawa ya kuziamsha. Kazi ya kupaka alikataa kumpa mwanafunzi yeyote. Aliifanya kwa mkono wake, kwa miaka mitatu, kwa mpangilio ule ule, anaanzia kushoto penye seli za kawaida, anamalizia kulia penye seli zilizokosa kijiuzi, na matokeo yalikuwa mazuri kiasi cha kutia hofu, seli zilizokosa kijiuzi zote zilielekea kwenye tawi la minyoo. Akahitimisha kwamba kazi ya kijiuzi kile ni kuisukuma seli iende kwenye tawi la wapiganaji, kwamba seli isiposukumwa inapotea. Aliandika makala, jarida kubwa likaikubali tarehe 14 Julai 2006, na mkurugenzi wa taasisi akamnong'oneza kwamba makala ikitoka tu, kiti cha ukuu wa idara ni chake.

Nyumbani matokeo hayo yalitumika siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza sekondari, nimefaulu sayansi kwa bahati ambayo sikuiomba, sijui ninachotaka, na kaka, ambaye mama alimsukuma kuingia udaktari tangu akiwa na meno ya utotoni, alikuwa ameshanijazia maombi ya chuo cha udaktari, shangazi ameshanitafutia mtu wa kunipokea, na mama akasema mbele ya wote kwamba wana haki, kiumbe kichanga kisiposukumwa kinapotea, ameliona kwa macho yake chini ya darubini. Mabegi yangu yalikuwa yamefungwa, tena yalifungwa na shangazi, na anayemjua shangazi anajua begi lililofungwa naye halifunguki kirahisi.

Kilichoniokoa ni jokofu. Tarehe 6 Agosti 2006, kwenye karakana ya baba, mfuniko wa jokofu la duka la nyama ulimwangukia mama kidole gumba cha mkono wa kulia, kikavimba kama kitumbua, na daktari akamkataza kuutumia mkono huo kwa wiki kadhaa, naye badala ya kupumzika akarudi chumba namba kumi na nne na kuendelea kupaka sahani kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa mkono wa kushoto ulimwia mwepesi kuanzia upande wa kulia, akaanzia kulia. Matokeo yalipotoka, seli zilizoelekea kwenye tawi la minyoo zilikuwa za panya wa kawaida. Akarudia, yakawa yale yale. Matokeo yalikuwa yakifuata mkono wake, wala hayakuwafuata panya, kwa sababu dawa ile hupenda kung'ang'ania plastiki, na kila alipokuwa akiichota kutoka mrija mmoja, vishimo vya mwisho vilipata dawa hafifu, seli zikaamshwa kivivu, na seli ikiamshwa kivivu huelekea kwenye minyoo hata kama haina kasoro yoyote. Miaka mitatu alikuwa akipima uchovu wa mrija.

Mkurugenzi, ambaye naye ametangulia na ambaye mama alimpenda, alimshauri kwa nia njema aiache makala itoke, aje aisahihishe baadaye akiwa tayari amekalia kiti, maana nani atajua, na mama akamjibu kwamba panya wanajua. Aliiondoa makala mwenyewe kwa simu na kwa maandishi, tarehe 18 Septemba 2006. Kiti kikaenda kwa mwingine, mtu mzuri, yupo hapa nasi, na alipotoa pole asubuhi aliniambia kwamba mpaka leo anaona kama amekikalia kwa kuazimwa. Siku ile mama alirudi nyumbani, akakaa jikoni akalia, akalia kwa kweli, na baba akakaa kando yake akijitolea kulivunja jokofu lile kwa nyundo. Kisha mama akaanza kucheka, akasema pengine ni yeye pekee duniani aliyewahi kusahihishwa na mfuniko wa jokofu la nyama.

Alirudia kazi yote upya, safari hii akichanganya vishimo ovyo ili mkono wake usijue unampaka nani, na ukweli uliotokea ulikuwa kinyume kabisa, na ulifanana na mambo ambayo wenzake wa nchi nyingine walikuwa wakiyaona kwa vijiuzi vya namna hiyo. Seli iliyokosa kijiuzi haikupotea. Ilikimbilia vitani. Hata ilipopewa maelekezo ya kwenda tawi jingine, ilikuwa tayari imeshavaa silaha, kwa sababu hapakuwa na wa kuudaka ule ujumbe wa vita na kuuambia ngoja. Kijiuzi hakikuwa kinasukuma, kilikuwa kinaishika seli mkono isikurupuke, iyasikie kwanza maelekezo, halafu ichague. Jioni ya siku alipokuwa na hakika, aliingia sebuleni bado amevaa koti la kazi, akayafungua mabegi yangu, akarudisha mashati kabatini moja moja, na shangazi alipouliza kulikoni, akamwambia, wifi, tulisoma sahani vibaya, huyu mtoto tumwache kwanza.

Shangazi hakuafiki, na kwa miaka mingi iliyofuata ushahidi wote ulikuwa upande wake. Nilichora mabango ya maduka, nikaacha. Nilitengeneza simu, nikaacha, na nikaacha na simu za watu. Nilipika kwenye kantini ya wajenzi, nilifuga nyuki mpaka nyuki wenyewe walipoamua kuondoka, niliuza miwani, niliendesha lori la maziwa, na mwaka 2013 nilianza kulipaka rangi geti la shangazi, ambalo mpaka leo nusu yake ni ya buluu na nusu ni ya kutu, na wageni huelekezwa nyumba kwa geti hilo. Kila nilipoacha, kikao kiliitwa, kaka alitoa hotuba, dada alitoa hesabu, shangazi alitoa sauti, na mama alikaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, akasikiliza mpaka wote wachoke, kisha akasema, punguzeni, bado inasikiliza. Siwezi kuwaficha kwamba kuna siku hata mimi nilitamani angenisukuma tu, nilipokuwa na miaka thelathini na moja, nalala kwenye chumba changu cha utotoni, na wenzangu wana watoto shuleni. Siku hiyo nilimwambia hivyo. Akaniuliza kama naogopa, nikasema ndiyo, akasema na yeye pia, kwa sababu kusubiri si kazi ya uhakika, sahani nyingine unaisubiri na haioti kitu, halafu akaniomba nikamtilie chai.

Makala yake sahihi ilitoka tarehe 3 Machi 2009, katika jarida dogo lisilo na picha kwenye jalada, na aliyepatiwa nakala ya kwanza alikuwa baba, kwa niaba ya jokofu. Alifundisha, aliwalea wanafunzi kumi na tisa wa uzamivu, na katika chumba namba kumi na nne kila mgeni alifundishwa jambo moja kabla ya kuonyeshwa choo kilipo, kuchanganya vishimo. Alistaafu tarehe 30 Juni 2015, akaagwa kwa keki iliyokatwa na mtunza panya, na tangu hapo alihamishia utafiti wake nyumbani, ambako baba aliambiwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na saba ya ndoa kwamba anakaanga mayai kwa mpangilio unaopendelea upande wa kushoto wa kikaango.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Oktoba 2021, kwa vivimbe vya shingoni, na vipimo vya tarehe 12 Januari 2022 vikaonyesha saratani ya tezi, iliyotokana na seli zile zile alizozisoma. Kaka alilia kabla yake. Yeye alimwambia daktari kwamba baada ya kuziingilia seli za panya kwa miaka arobaini, si vibaya seli nazo zikajibu, akaomba aonyeshwe slaidi, akaitazama kwa muda mrefu, akasema hizi zimeacha kabisa kusikia, zinahitaji matibabu na wala si mawaidha. Alianza matibabu Machi 2022 katika wodi ya tatu, na kwa kuwa kaka alikuwa na zamu na dada alikuwa na ukaguzi wa mwaka, na mimi kama kawaida nilikuwa katikati ya kazi moja na nyingine, mimi ndiye niliyekaa naye.

Nilijifunza kumgeuza bila kumuumiza, kumwosha mdomo uliojaa vidonda, kujua homa kabla ya kipimo, kukaa kimya anapotaka kimya na kubishana naye anapotaka ubishi, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kuniita mimi badala ya kubonyeza kengele, kisha wa kitanda cha nne. Muuguzi mkuu wa wodi alinitazama wiki kadhaa, halafu akaniuliza nimesomea wapi. Mama alisikia. Aligeukia ukutani akajifanya amelala, na mimi nikajua hajalala kwa sababu mama akilala anakoroma.

Hali yake ilipata nafuu tukasherehekea, ikarudi kubadilika Desemba 2023, na mwezi wa Machi mwaka huu, akiwa anajua kabisa anapokwenda, aliitisha familia kando ya kitanda, akagawa mambo yake, darubini kwa dada, vitabu kwa kaka, redio kwa baba kwa masharti ya sauti, na historia ya maisha yake akaniachia mimi. Ndipo shangazi alipopinga kwa mara ya kwanza, palepale wodini, na mama akamjibu kwa sauti iliyokuwa imebaki ndogo, kwamba kaka atayasoma maisha yake kwa dakika tano akimbilie zamu, na yeye amechukua miaka sabini na moja kuyaishi, hivyo anamtaka mtu asiye na haraka. Alifariki Jumatano ya tarehe 3 Aprili 2024, asubuhi, dirisha likiwa wazi, baba akiwa amemshika mkono wa kulia, penye kile kidole gumba ambacho hakikuwahi kunyooka vizuri.

Familia inawashukuru madaktari wa wodi ya tatu, waliokubali kuulizwa na mgonjwa maswali mengi kuliko waliyomuuliza, wauguzi wote, na muuguzi mkuu kwa namna ya pekee. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa taasisi, wanafunzi wake waliotoka mbali, mtunza panya aliyekuja na koti lake la kazi kwa sababu alisema mama hamjui akiwa na suti, majirani mliotupikia, mlioleta viti, na fundi cherehani aliyeshona usiku kucha vazi alilovalishwa mama leo na kukataa malipo. Tunamshukuru pia shangazi, aliyemfulia mama nguo zake kila Jumapili kwa miaka miwili, bila kukosa hata moja, huku akilalamika, na mama alisema malalamiko yale yalimponya kuliko dripu.

Limebaki jambo moja, ambalo haliko kwenye nakala ya kaka. Tangu Septemba 2022 ninasoma chuo cha uuguzi, kile kilicho nyuma ya hospitali, nilikuwa nikienda darasani wakati ninyi mkidhani nimekwenda kutafuta kazi, na sasa niko mwaka wa pili. Sijamaliza, shangazi, nisikudanganye, lakini pia sijaacha, na sijawahi kutamani kuacha hata siku moja. Aliyejua ni mama peke yake. Nilipomwambia, alinishika mkono, akaniomba nisitangaze, kwa sababu mkijua mtafurahi, na mkifurahi mtapiga kelele, na yeye amesubiri miaka kumi na sita sahani hii iote, hataki mtu aitikise. Alisema nitangaze siku ambayo yeye hatakuwepo kuwaambia mpunguze, nione kama nitaweza kusimama mwenyewe.

Nimesimama, mama. Kaka, hiyo nakala unaweza kuiweka iwe kumbukumbu, maana karatasi hii ndiyo ya mwisho na nimeisoma mimi. Shangazi, geti nitalimalizia Jumamosi ijayo, na rangi nimeshanunua, ni buluu ile ile.

Pumzika kwa amani, Mama Panya, na huko uliko, ukikuta wanamharakisha mtu yeyote, waambie wapunguze.